Muulize Hajati: Kalitunsi zipo, koala hawapo

Toleo lililopita nilijibu swali la kisima kilichokauka jirani na shamba la kalitunsi, yaani mikaratusi. Katikati ya jibu nikachomeka sentensi moja, kwamba huko kwao Australia majani ya mti huo huliwa na "dubu mdogo aitwaye koala". Basi kisima kikasahaulika. Barua na ujumbe wa simu uliofika hapa Bombo mwezi mzima ni koala, koala, koala. Mjukuu wangu amenisomea zile zenye herufi ndogo, na hizi ndizo nilizochagua.

Hajati, koala si dubu. Nasomea ualimu, na ningesema hivyo darasani watoto wangenicheka. Tafadhali sahihisha. — Mwanachuo, Masindi

Nimekubali, mwanangu. Miaka 31 nilisimama mbele ya ubao nikiwakata watoto wa watu alama kwa makosa madogo kuliko hilo. Ukitaka kujua nimepotea kiasi gani: dubu na popo wana udugu wa karibu zaidi kuliko dubu na koala.

Koala yuko kundi la kangaruu, wanyama ambao mtoto huzaliwa angali mbichi, akamalizia kukua ndani ya mfuko tumboni kwa mama yake. Nduguye wa karibu kabisa aliye hai ni wombati, mnyama mnene wa miguu mifupi anayechimba mashimo ardhini. Mfuko wa wombati umefungukia nyuma, ili mama akichimba asimfukie mtoto. Sasa mtazame koala: anaishi juu ya mti, na bado mfuko wake mdomo umeelekea chini, mahali ambapo wewe na mimi tungeushona ukielekea juu. Ameurithi kwa ukoo wa wachimbaji. Kinachomwokoa mtoto asianguke ni msuli wa mviringo mdomoni mwa mfuko, ambao mama huubana kama kamba ya sirwali.

Ila nijitetee kidogo. Jina lake la kisayansi ni *Phascolarctos cinereus*, maneno ya Kigiriki na Kilatini yenye maana ya "dubu wa mfuko, mwenye rangi ya majivu". Kwa hiyo nimekosea pamoja na wakubwa.

Asalaam aleikum Hajati. Nina eka 4 za kalitunsi hapa kwenye barabara ya Gulu. Miti bado haijafikia kimo cha nguzo. Watalii wanapita kila siku wakienda hifadhi ya Murchison. Je, nikileta koala wawili, dume na jike, wakae kwenye miti yangu, watu wawaone kwa kiingilio kidogo? Chakula si kipo bure? — Baba Shamim, Wobulenzi

Waaleikum salaam, Baba Shamim. Swali lako nililisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, maana ndani yake mna biolojia nyingi kuliko unavyodhani.

Tunasema "kalitunsi" kana kwamba ni mti mmoja. Aina za mikaratusi zinapita 700. Koala hutegemea chache tu, na koala wa mahali pamoja anaweza kuwa na mbili au tatu anazozila siku zote, nyingine akizionja tu. Shambani kwako nadhani una aina ya grandis, au zile za kuchanganywa ambazo wauza miche huziita GU na GC. Kama ni kloni, basi eka 4 zako ni mti mmoja uliorudiwa mara maelfu. Koala akiukataa huo mmoja, huna wa pili wa kumjaribisha. Sisemi ataikataa yote: GC ina damu ya aina nyingine, camaldulensis, na huo ni mti ambao koala wa kandokando ya mito kule kwao huula. Lakini hata ndani ya aina moja koala huchagua. Atapanda mti huu ale, aende wa pili wake, aunuse, ateremke. Pua yake hiyo kubwa haipo kwa urembo; kila jani hulinusa kabla ya kulitia mdomoni.

Anachonusa ni sumu. Yale mafuta yenye harufu, ambayo wakati wa korona nusu ya Bombo ilikuwa inajifukizia chini ya blanketi, mti umeyatengeneza ili usiliwe. Humo mna pia kemikali nyingine zinazoyafanya majani yasimeng'enyeke. Nina mbuzi hapa nyumbani ambaye amewahi kula pembe ya mkeka wangu wa kuswalia na nusu ya daftari la mjukuu, lakini kalitunsi iliyo ukutani mwa banda lake hajaigusa. Koala anaiweza kwa sababu ya ini lake. Mwaka 2018 wanasayansi walipochapisha ramani nzima ya jeni zake, walikuta jeni za vimeng'enya vya kuvunja sumu zimejirudia na kuongezeka kuliko kwa wanyama wengine. Hata hivyo ini lina kikomo, ndiyo maana anachagua.

Halafu kuna jambo ambalo lingekutia hasara hata kama ungepata mti sahihi. Kusini mwa Australia, katika rasi iitwayo Cape Otway, koala waliongezeka mno kwenye msitu wa aina moja ya mkaratusi waupendao. Karibu na mwaka 2013 waliumaliza majani, miti ikabaki fito, na koala wengi wakafa njaa. Pembeni palikuwa na mikaratusi ya aina nyingine, mibichi, imejaa majani. Hawakuila. Watafiti walikuja kugundua kwamba sababu mojawapo ni bakteria wa tumboni: kila koala ana jeshi lake la vijidudu lililozoea majani fulani. Walichukua kinyesi cha koala wanaokula ile aina ya pili, wakatoa vijidudu, wakavitia katika vidonge na kuwapa wale wachaguzi. Wengine wao wakaanza kula zaidi majani waliyokuwa wakiyadharau. Majibu yalichapishwa mwaka 2019.

Kwa hiyo koala wako angekuja na tumbo lililozoea miti ya kwao, akakaa Wobulenzi akitazama eka 4 za chakula asichokijua.

Wapo wanaowafuga nje ya Australia. Bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, ilipata koala wake wa kwanza mwaka 1925, na ina mashamba yake ya mikaratusi ya aina mbalimbali inayokatwa mabichi kwa ajili yao. Koala mmoja hula kama nusu kilo hadi kilo moja kwa siku, hiyo ikiwa ni baada ya kuchagua; yanayotupwa ni mengi. Na serikali ya Australia haimtoi koala ila kwa bustani iliyotimiza masharti, mojawapo likiwa uhakika wa majani. Mtu binafsi mwenye shamba na kiingilio, hapana. Mbwa wa kijijini kwako pia sijawataja bado: koala hushuka chini kuhama mti, na chini hana mbio za kumkimbia mbwa.

Subiri miti ifike kimo, uuze nguzo.

Shikamoo Hajati. Binti yangu wa P5, darasa la tano, aliona kwenye televisheni kwamba mtoto wa koala anakula kinyesi cha mama yake. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za mnyama huyo. Nimwambie nini? — Mama Rehema, Kasese

Marahaba, dada. Mwambie ni kweli nusu, halafu msimulie mwanzo wa mambo, maana utamu uko huko.

Mimba ya koala ni siku kama 35 tu. Kinachozaliwa kina urefu wa sentimeta 2, uzito haufiki gramu moja; mwonyeshe punje ya haragwe. Hakina manyoya, macho yamefumba, masikio hayajatokea. Mikono tu ndiyo imewahi kupata nguvu, na kwa mikono hiyo kinatambaa chenyewe juu ya manyoya ya mama hadi mfukoni, bila kushikwa. Humo kinadaka chuchu, na chuchu inavimba mdomoni ili kisiachie. Miezi kama 6 inapita kwa maziwa matupu.

Sasa imebaki kuhamia majani. Maziwa hayana bakteria wa kushughulika na mkaratusi, na mtoto hakuzaliwa nao. Kwa hiyo mama, badala ya kile kinyesi chake cha kawaida kilicho kikavu na kigumu, kwa muda anatoa kitu kingine, laini kama uji, kinachotoka katika sehemu ya utumbo ambako vijidudu vimejaa. Mtoto anatoa kichwa mfukoni na kuula uji huo. Hapo ndipo lile mdomo la mfuko lililoelekea chini linaonekana lina faida, kwa kuwa mtoto akichungulia tu amefika. Uji una protini nyingi pia. Baada ya hapo anaanza kuonja majani, anatoka mfukoni, anapanda mgongoni mwa mama na kubebwa hivyo hadi anakaribia kutimiza mwaka.

Na kama binti bado anakunja pua, mwambie kwamba mko Kasese, mna tembo wa hifadhi ya Queen Elizabeth hapo mlangoni, na watoto wa tembo nao hula kinyesi cha mama zao kwa sababu hiyohiyo. Sungura ndio usiseme. Huyo hula chake mwenyewe maisha yake yote.

Mwalimu, rafiki yangu anasema koala hulala siku nzima kwa sababu majani yanamlevya. Mimi nasema ni mvivu tu. Tumewekeana dau la rolex mbili, zile chapati za mayai. Nani kashinda? — Mwanafunzi wa S.4, Arua

Hakuna aliyeshinda, nileteeni mimi hizo rolex.

Halewi. Tatizo lake ni mapato. Jani la mkaratusi lina maji, nyuzi ngumu, sumu, na chakula kidogo sana. Ili akipate hicho kidogo, ana mfuko wa utumbo uliozibwa mwisho mmoja, pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana. Sisi tunao pia, mfupi, wenye kidole tumbo kinachoning'inia. Wa koala una urefu wa mita 2, na yeye mwenyewe toka kichwani hadi makalioni hafiki hata mita moja. Hakuna mamalia mwingine mwenye mfuko huo mkubwa hivyo akilinganishwa na mwili wake. Majani hukaa humo siku kadhaa yakichachuliwa. Ukienda Entebbe kwenye bustani ile ya mimea ukawatazama mbega, utaona nao wameketi tu karibu mchana kutwa, na wao ni wala majani. Tofauti ni kwamba mbega huchachua chakula mbele, tumboni, kwa namna ya ng'ombe. Koala huchachua nyuma, kwa namna ya sungura.

Mwenye mapato madogo hukata matumizi. Mwili wake unaendeshwa polepole, na kulala na kupumzika humchukua kama saa 20 kati ya 24. Hata ubongo wake ni mdogo, gramu kama 19, laini, hauna mikunjo mingi kama wetu. Ubongo ni kitu cha gharama kuulisha.

Ukimwona amekumbatia shina siku ya jua kali, hapo pia anabana matumizi. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza kwa kamera za kupima joto walionyesha kwamba shina huwa na ubaridi kuliko hewa, na koala hulitandikia tumbo lake ili apoe bila kupoteza maji kwa kuhema. Maji mengi huyapata kwenye majani. Mvua ikinyesha hulamba yanayotiririka kwenye shina. Kwa miaka mingi watu walisimuliana kwamba koala hanywi kabisa; maelezo ya huko kulamba shina yalichapishwa mwaka 2020 tu.

Akifika uzeeni, kinachomaliza siku zake mara nyingi ni meno. Majani yale magumu huyasaga hadi yanakuwa bapa. Mzee wa koala hufa njaa akiwa amekaa katikati ya chakula chake, hawezi kukitafuna.

Naomba jina lisitajwe. Ni kweli koala wana ugonjwa wa zinaa kama binadamu? Na mtu akimshika anaupata? — Msomaji, Kampala

Hakuna cha kuona aibu. Nimefundisha somo hili mbele ya vijana wa miaka 16 wakichekelea madawati ya nyuma.

Ni klamidia, kweli. Ila klamidia ni ukoo wa bakteria. Wa binadamu ni *trachomatis*, ambaye mbali ya zinaa ndiye pia anayeleta trakoma, ugonjwa wa macho uliowapofusha wazee wengi Karamoja na Busoga. Anayewasumbua koala zaidi ni *pecorum*, ambaye yumo hata kwa ng'ombe na kondoo. Ugonjwa ule wa zinaa unaoufikiria hautoki kwa koala.

Kwa koala wenyewe ni balaa. Macho yanavimba na kupofuka, kibofu kinapata uvimbe mkali, majike wanakuwa tasa. Hupitishwa kwa kujamiiana, na mtoto huweza kuupata kwa mama. Matibabu yana mtego mbaya: antibiotiki inaua klamidia na pia inaua wale bakteria wa tumboni niliomweleza Baba Shamim. Koala anapona ugonjwa, kisha anashindwa kumeng'enya chakula. Ndiyo maana walihangaikia chanjo, na mwaka 2025 Australia iliidhinisha ya kwanza, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Sunshine Coast. Ni sindano moja.

Si ugonjwa tu unaowapunguza. Kuna misitu iliyofyekwa, magari, mbwa, na ile mioto mikubwa ya 2019 na 2020. Februari 2022 koala wa majimbo ya Queensland na New South Wales na eneo la mji mkuu Canberra walitangazwa kuwa hatarini kutoweka.

Hajati, abiria wangu alisema koala ana alama za vidole kama za mtu, hata polisi wanaweza kukamata asiye mwizi. Nilimbeba hadi Bugembe nikimbishia. — Bodaboda, Jinja

Mrudishie heshima yake. Mwaka 1996 wataalamu wa Adelaide walizitazama chini ya darubini wakakuta zinafanana mno na zetu. Sokwe na sisi tumezipata kwa ukoo mmoja. Koala amezipata kivyake, maana ukoo wake na wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Inaonekana ni za kushikia matawi na kupapasa majani. Ule mkono una vidole gumba viwili, kwa hiyo polisi wako akiuona mzima hatakosea. Habari ya kukamata wasiohusika kaongeza chumvi.

Bibi, wewe umemwona huyo koala, au unatupa ya vitabuni? — Mzee, Bweyale

Nimemwona, mzee mwenzangu. Mwaka 2017, mwezi wa kumi, mpwa wangu muuguzi alinikaribisha Brisbane wiki tatu. Alinipeleka Lone Pine, hifadhi ya koala iliyoanza mwaka 1927. Mwaka huohuo wa 1927, mwezi wa nane, serikali ya Queensland iliruhusu wawindwe kwa ajili ya manyoya, na katika mwezi mmoja wakauawa zaidi ya nusu milioni. Nilisimama pale mbele ya mmoja aliyekuwa amelala, mkono umening'inia, nikamtazama nusu saa. Hakugeuka. Watoto waliokuwa pale walichoka, wakaenda kwa kangaruu.

Lakini niliyemfahamu sawasawa sikumwona. Ilikuwa usiku, nyumbani kwa mpwa, pembezoni mwa mji. Nikasikia nje mtu anapiga kiki pikipiki iliyokataa kuwaka, kisha nguruwe anakoroma, kisha tena pikipiki. Nikamwamsha mpwa. Akacheka: huyo ni dume anaita, ndio msimu wao. Wewe uliyekulia karibu na msitu unamjua perere, jinsi kimnyama kidogo vile kinavyoweza kupiga ukelele wa kuamsha kijiji. Koala ni mwenzake, ila sauti yake ni nzito. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba ana jozi ya pili ya nyuzi za sauti, nje ya koo lenyewe, na ndizo zinazompa mngurumo mzito mara 20 kuliko unaostahili mwili wake.

Asubuhi nilienda chini ya mti. Dume alikuwa ameshahama. Palikuwa na michirizi ya kucha kwenye gamba, na chini punje za kinyesi, ngumu, ndefu kidogo kama kokwa za zaituni, zinanuka dawa ya mafua. Nilifunga tano ndani ya karatasi, nikiwaza maabara ya shule. Mpwa akaniuliza nitawaambia nini watu wa forodha pale Entebbe. Nikazirudisha chini ya mti.